Kwa mnaoanza wodini: mapafu yakinyamaza, msiusahau moyo

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini hapa Tanga, mtapokea wagonjwa kutoka Pangani, Muheza hadi Lushoto waliotibiwa pumu muda mrefu bila nafuu, kumbe tatizo ni moyo. Kabla ya kushika stethoskopu, uliza usingizi. "Shikamoo bibi. Usiku unalalia mito mingapi?" Akikujibu, "Silali mwanangu, nakesha nimekaa," anza kuufikiria moyo.

Upande wa kushoto wa moyo ukishindwa kusukuma damu, presha hurudi nyuma mpaka kwenye kapilari za mapafu, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu. Kwa kawaida presha hiyo haizidi milimita 12 hivi za zebaki. Ikipanda ghafla kupita 20, maji huvuja na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa huyo hamtamkosa: anahema kwa shida, pengine anatema povu jekundujekundu. Mkalisheni, oksijeni kama kipimo cha kidoleni kimeshuka, furosemidi ya mshipani (dawa ya kutoa maji kwa mkojo). Hilo mtalizoea.

Ninayemhofia zaidi ni wa siku nyingi. Presha ikikaa juu kwa miezi na miaka, utando wa ndani wa mishipa ya mapafu huharibika: naitriki oksaidi inayolegeza mshipa hupungua, endothelini inayoubana huzidi. Baadaye kuta zenyewe hunenepa na njia ya damu kuwa nyembamba. Unene huo, pamoja na mishipa ya limfu inayofyonza maji kupita kawaida, huyakinga mapafu yasijae. Ndiyo maana utasikiliza kifua ukikute kikavu kabisa, na presha iko juu vilevile. Usimruhusu aende nyumbani kwa sababu hiyo tu. Tazama mshipa wa shingo, bonyeza miguu, papasa ini, maana sasa upande wa kulia wa moyo, wenye ukuta mwembamba, ndio unaoelemewa.

Halafu msikimbilie sildenafili, dawa ya kutanua mishipa, eti kwa sababu eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) imeandika presha ya mapafu iko juu. Mishipa ikitanuka, damu nyingi itafika upande wa kushoto usioweza kuipokea, na maji yatajaa. Tibuni moyo kwanza.

Mjamzito anayehema naye msimwambie ni mimba tu. Huenda ana vali ya mitrali (mlango wa damu wa upande wa kushoto wa moyo) iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Ujauzito huongeza damu kwa karibu nusu, na akishajifungua, kizazi kikijikaza, damu nyingi hurudi moyoni kwa mkupuo. Apimwe eko mapema, na usiku wa kujifungua muuguzi asibanduke kitandani pake.