Mswada Umekwisha, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Barua nyingi tulizopokea zinazunguka jambo moja: kalamu ikishawekwa chini, mwandishi wa leo hujikuta akidaiwa kuwa pia mhariri, msimamizi wa uchapaji, muuzaji, mhasibu na msemaji wa kitabu chake. Tumechagua chache na kuzifupisha.

SWALI: Wahariri wapendwa, nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, maneno kama 80,000. Wenzangu wanasema siku hizi mwandishi hana budi ajue kuhariri, kupanga kurasa, kubuni jalada na kuuza. Yote hayo nitayaweza lini? Nianzie wapi? *(Mwenye mswada mezani)*

JIBU: Ndugu, kuna kuijua kazi na kuna kuifanya. Hakuna anayekudai uchore jalada kwa mkono wako. Unachotakiwa ni kumweleza msanifu unachokitaka, na akikuletea kazi, uone palipoharibika kabla hujamlipa. Kipimo hicho kinafaa kwa kila fani inayokizunguka kitabu: kama huwezi kuitambua kazi mbovu, bado hujawa tayari kuinunua.

Yapo machache usiyoweza kumwachia mwingine: kuandika rasimu ya pili, kuuelewa mkataba, kuidhinisha prufu ya mwisho (nakala ya kurasa zilizokwisha kupangwa, ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa) na kutunza hesabu. Hayo ni yako hata ukichukuliwa na mchapishaji mkubwa. Kusoma prufu ya kitabu chako peke yako, kwa upande mwingine, ni kujidanganya, kwa sababu jicho la mwandishi husoma alichokikusudia na kuruka herufi iliyodondoka. Kama fedha inatosha kumlipa mtu mmoja tu, mlipe huyo wa prufu. Kupanga kurasa za hadithi tupu, isiyo na picha wala majedwali, unaweza kujifunza. Jalada mwachie mwenye fani.

Pa kuanzia ni kuuweka mswada kando wiki 3 au 4 bila kuugusa. Kisha chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila sura: nani yumo, anataka nini, na mwisho wa sura kimebadilika nini. Sura ambayo safu ya tatu imebaki tupu ama ikatwe ama iunganishwe na jirani yake. Baada ya hapo soma kitabu kizima kwa sauti. Ulimi utakwama penye sentensi ndefu mno na penye mazungumzo ambayo hakuna binadamu angeyasema.

SWALI: Nilimlipa mhariri. Amerudisha mswada tahajia safi, koma zimenyooka, lakini wasomaji wangu bado wanalalamika kwamba katikati hadithi inachosha. Je, nimedhulumiwa? *(Aliyetoa fedha)*

JIBU: Huenda ulinunua kazi moja ukitegemea nyingine. Uhariri ni kazi tatu zinazofuatana. Ya kwanza ni uhariri wa muundo: mpangilio wa sura, kasi ya hadithi, mhusika asiye na kazi, hoja iliyorukwa. Matokeo yake huwa ripoti ya kurasa kadhaa pamoja na maelezo pembeni mwa mswada, na baada yake unarudi kuandika. Ya pili ni uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi. Ya tatu ni kusoma prufu, nayo hufanywa baada ya kurasa kupangwa, si kabla, kwa sababu upangaji wenyewe huzaa makosa mapya: neno lililokatwa vibaya mwisho wa mstari, kichwa kilichobaki peke yake chini ya ukurasa, mlazo (herufi zilizoinama) uliopotea.

Ukianza na lugha kisha ukabadilisha muundo, unalipa mara mbili, maana sura utakazoziandika upya hazijapita kwa mhariri. Hapo ndipo fedha za waandishi wengi huishia.

Safari ijayo andikianeni mapema, hata kwa barua pepe: ni uhariri wa aina gani, maneno mangapi, raundi ngapi, tarehe ya kurudisha, na kwamba mabadiliko yote yaonekane kwenye faili ili uyakubali au uyakatae moja moja. Omba kwanza sampuli ya maneno kama 1,000 ya mswada wako mwenyewe. Mhariri mzuri atakuuliza maswali hata ndani ya sampuli. Asiyeuliza lolote huenda anasahihisha tu. Mkabidhi pia karatasi ya mtindo, ukurasa mmoja wa maamuzi yako: unaandika “kwa hiyo” au “kwahiyo”, tarakimu zinaanzia wapi, jina la kila mhusika linaandikwaje, na umri wake mwanzoni mwa hadithi. Bila karatasi hiyo, mhariri na msoma prufu watavutana, na wewe utawalipa wote wawili.

SWALI: Kitabu kimetoka kwa mchapaji, lakini jina la mgongoni limejikunja kuelekea uso wa mbele, na picha ya jalada ina ukungu ingawa kwenye simu ilikuwa kali. Kosa ni la nani? *(Mwenye nakala 500)*

JIBU: La mgongo kwa kawaida ni kosa la ratiba. Jalada lilikamilishwa kabla karatasi ya ndani haijachaguliwa. Unene wa mgongo ni idadi ya karatasi mara unene wa karatasi moja, na karatasi moja ina kurasa 2. Kitabu cha kurasa 240 kina karatasi 120. Zikiwa na unene wa milimita 0.13, mgongo ni milimita 15.6, zikiwa na 0.10, ni milimita 12. Msanifu akipanga kwa ile nene na mchapaji akaweka ile nyembamba, kuna milimita 3.6 zisizo na pa kukaa, nazo humwagikia usoni na nyuma. Ikiwa kinyume, jalada huwa fupi na ukingo mweupe huchungulia pembeni.

Utaratibu salama ni huu: maliza kupanga kurasa, pata idadi kamili, kubalianeni karatasi, mwombe mchapaji akupe kipimo cha mgongo kwa maandishi, ndipo msanifu afunge faili la jalada. Uso wa mbele peke yake unaweza kuchorwa hata miezi kadhaa kabla. Maandishi ya mgongoni yaachiwe angalau milimita 1.5 kila upande, kwa kuwa mashine ya kukunja nayo haikosi kusogea kidogo.

Idadi ya kurasa nayo ina kanuni zake. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16 au 8. Kurasa 243 kwenye mkunjo wa 16 zitapanda hadi 256, yaani kurasa 13 tupu ambazo umezilipia. Uliza mkunjo ni wa ngapi, kisha punguza au jaza.

Picha sasa. Uchapaji unahitaji nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa wa mwisho. Uso wa kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa na utapata 154 kwa 216, ambazo ni takriban pikseli 1,819 kwa 2,551. Picha iliyopitia kwenye programu ya ujumbe wa simu mara nyingi hubanwa na kupoteza sehemu kubwa ya pikseli zake. Tuma faili halisi kama kiambatisho. Rangi nazo zitapoa kidogo, kwani kioo hung’aa kwa mwanga wakati karatasi hutegemea wino wa rangi nne, na bluu na kijani kali ndizo zinazoumia zaidi.

Kwa hiyo kosa la picha ni la aliyetuma faili na aliyelipokea bila kulipima. Lakini nakala 500 zisingeharibika kama ingechapwa kwanza nakala moja ya majaribio ukaishika mkononi. Mchapaji anayekataa nakala ya majaribio, mwache.

SWALI: Nimepewa mkataba unaosema mrabaha ni asilimia 10. Ni mzuri? *(Nasubiri kutia sahihi)*

JIBU: Mrabaha ni fungu lako katika kila nakala inayouzwa, lakini asilimia 10 ya nini? Tuchukue kitabu kinachouzwa 100 kwa fedha yoyote ile. Duka likipewa punguzo la 40, mchapishaji anapokea 60. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 10. Asilimia 10 ya mapato halisi ni 6. Maneno mawili matatu kwenye kifungu kimoja yamekula asilimia 40 ya kipato chako. Kama kuna malipo ya awali, elewa kwamba hukatwa kwenye mrabaha. Hutaona kingine mpaka yafidiwe.

Baada ya hapo nenda kwenye kifungu cha haki. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika; kwa nchi wanachama wa Mkataba wa Berne wa 1886, ulinzi huo hautegemei kusajili popote, na hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kuna kumhamishia mchapishaji hakimiliki yenyewe na kuna kumpa leseni. Tunashauri leseni, na itaje mipaka: lugha ipi, nchi zipi, kwa miaka mingapi, na aina ipi ya kitabu. Kifungu kinachosema “haki zote kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa” kinachukua kitabu cha kusikiliza, tafsiri na filamu kwa bei ya karatasi. Uliza ni lini mara ya mwisho mchapishaji huyo alitoa kitabu cha kusikiliza. Kama hajawahi, haki hiyo haina sababu ya kukaa kwake.

Tazama pia lini haki zinakurudia. Zamani ilitosha kuandika “kitabu kikiisha sokoni”. Leo kitabu pepe hakiishi sokoni kamwe, hivyo weka idadi: kikiuza chini ya nakala kadhaa mnazokubaliana ndani ya miezi 12, haki zirudi kwa mwandishi kwa taarifa ya maandishi. Taarifa ya mauzo ije kila miezi 6 au 12, na uwe na haki ya kukagua hesabu.

Kama mkataba unakudai wewe ndiye ulipe, hapo umepata mtoa huduma. Mpime kwa bei na ubora wa kazi, na usimpe haki yoyote.

SWALI: Je, lazima niwe kwenye kila mtandao wa kijamii? *(Mpenda utulivu)*

JIBU: Hapana. Mmoja unaouweza, pamoja na orodha ya barua pepe za wasomaji walioridhia kuandikiwa; orodha ni mali yako, wafuasi ni wa kampuni yenye mtandao. Muda unaobaki utumie kuandika maelezo ya nyuma ya jalada, maneno 120 hadi 150, na wasifu wako kwa urefu wa aina tatu: maneno 30, 100 na 250. Vitu hivyo utaombwa kila mara, na kwa kawaida utaombwa viwe vimefika jana.

SWALI: Nachapisha mwenyewe. Nichape nakala ngapi? *(Mwenye mtaji mdogo)*

JIBU: Hesabu kwanza, mashine baadaye. Tuseme bei ni 100. Duka linachukua 35, uchapaji ni 30 kwa nakala, usafirishaji 5. Unabakiwa na 30. Uhariri, jalada na upangaji wa kurasa vimekugharimu 9,000. Gawanya kwa 30: unahitaji kuuza nakala 300 ndipo urudishe fedha yako. Ukigawa nakala 20 bure kwa wahakiki, kila moja imekugharimu 35, yaani 700 zaidi, na sasa unahitaji 324. Wengi husahau hizo za bure, kisha hushangaa faida imekwenda wapi.

Uchapaji wa ofseti, unaotumia mabamba ya kuchapia, hudai gharama ya mabamba hayo mwanzoni, kisha bei ya kila nakala hushuka kadiri unavyoongeza. Kwa uchapaji wa dijitali, unaochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili, bei ya nakala haibadiliki sana. Kishawishi cha ofseti ni kuchapa 2,000 ili nakala iwe rahisi, halafu 1,600 zikaliwa na unyevu. Chapa idadi ambayo unaweza kutaja wanunuzi wake mahali kwa mahali, kisha rudia.

Ukipeleka dukani kwa mali kauli, andika tarehe, idadi, sahihi ya aliyepokea na siku ya kulipwa. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu 2007, iombwe kabla jalada halijafungwa, na kila umbo liwe na yake: jalada jepesi moja, jalada gumu nyingine, kitabu pepe nyingine.

SWALI: Toleo la pili la kitabu changu limetoka na makosa yaleyale tuliyoyasahihisha katika la kwanza! Imekuwaje? *(Aliyekasirika)*

JIBU: Masahihisho ya mwisho yalifanywa kwenye faili la msanifu wa kurasa, nawe ukachapa upya kutoka kwenye mswada wako wa zamani. Siku kitabu kinapokwenda mtamboni, mdai msanifu faili lake la kupangia pamoja na PDF ya mwisho, na maandishi yaliyosahihishwa yatolewe upya kama hati ya kawaida. Hiyo ndiyo iwe nakala mama; zilizotangulia zihamishie kwenye folda nyingine. Yape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, maana “mwisho”, “mwisho kabisa” na “mwisho mpya” hazikuambii ipi ni ipi. Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na moja kati yake iwe nje ya nyumba unamoandikia.