Mimi si wakili wa FIFA

Dogo, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Kaka, umeula! Kutoka winga mpaka wakili wa FIFA, na bado hutuvuti?" Nyuma yako nasikia wenzako wa Kihonda wanacheka. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ndipo unasema kilichokufanya unitafute: kuna mtu anataka shilingi milioni 3 akupeleke Ulaya, anasema mkataba uko tayari, na mama anafikiria kuuza kiwanja.

Tuanze na huo uwakili. FIFA wako Zurich, Uswisi. Mimi niko Liège, Ubelgiji, na Zurich sijawahi kukanyaga. Nimesoma sheria, ndiyo, ila joho sina. Ni msaidizi kwenye ofisi ya mawakili: napanga mafaili ya wachezaji, natafsiri, naandika barua za kudai mishahara, mwenzangu anatia saini. Mnanitajia Stuart Ripley, aliyechukua ubingwa wa England na Blackburn Rovers 1995 kisha akawa mwanasheria. Mnanitajia Maheta Molango, ambaye baba yake ni Mkongo, aliyechezea Brighton na leo anaongoza chama cha wachezaji wa kulipwa kule England. Wapo, siwabishii. Ila Ripley alisomea kwao. Mimi neno la kwanza la Kifaransa nililolishika sawasawa lilikuwa *plonge*, yaani kuosha vyombo.

Hili la vyombo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani.

Januari 2016 Samatta alipotua Genk, klabu ya huku Ubelgiji, kila mwenye daluga Tanzania aliona mlango umefunguka. Mimi nikafuata Julai, nina miaka 24. Ofisini kwa ile klabu (jina lake sitalitaja) nikawekewa kurasa tisa za Kifaransa. Aliyenileta akawa ananyoosha kidole: hapa, hapa, na hapa. Nikauliza ukurasa wa sita unasema nini. "Kawaida tu hiyo." Nikanyamaza, nisije nikaonekana mshamba. Kalamu yenyewe ilikuwa na nembo ya klabu, wakaniachia, nikaifurahia kama mtoto.

Oktoba nikaitwa. Kibali cha kazi kimekataliwa, na ukurasa wa sita ulikuwa unasema hivi: kibali kisipotoka, mkataba haupo. Nikapewa begi la viatu na nauli ya treni.

Kurudi ningerudije? Mama alishapika pilau, majirani walishakula. Nikaingia jikoni kwa watu, chini ya ngazi, mahali ambapo mvuke unakulowesha mgongo na ukitoka nje saa saba usiku baridi inaugandisha kwenye shati. Kulikuwa na televisheni juu ya friji. Jumamosi moja nikaiona timu ileile inacheza, na namba yangu amevaa mtu mwingine. Ile laki 3 mliyogawana Idi ya 2017 haikutoka kwenye mpira. Ilitoka kwenye masufuria. Karatasi za kuishi nilizipata baadaye kwa ndoa, si kwa mguu wa kushoto mnaousifia.

Septemba 2018 nikaanza chuo, kwa cheti cha kidato cha sita ambacho mama alinilazimisha kukimaliza huku nikimnunia. Mei 2019 niko maktaba nasoma kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, nikafika kifungu cha 18, aya ya 4. Inasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji afaulu vipimo vya afya au apate kibali cha kazi. Yaani ukurasa wa sita haukuwa na nguvu ya kunifukuza. Kibali ni jambo la klabu kulimaliza kabla kalamu haijashikwa. Ningeweza kuishtaki ile klabu huko FIFA kwenyewe, na mchezaji halipi ada ya kesi.

Nikaendelea kusoma. Madai yakizidi miaka miwili, hayasikilizwi.

Nilihesabu kwa vidole, dogo. Miaka miwili yangu iliisha Oktoba 2018. Nilikuwa nimekaa darasani, mwezi wangu wa pili wa sheria, naandika notisi za utangulizi. Sijui kama umewahi kukosa penalti ambayo hukujua kama umepewa.

Sasa wewe. Umetimiza 17 juzi. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 ila kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusu mpira, na mama haendi popote. Kwa hiyo huo mkataba "ulio tayari" ni wa nini? Mwambie huyo mtu akupe jina lake kamili, tulitafute kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni. Utaona atakavyoanza kukukwepa. Kiwanja kisiuzwe. Usije.

Ila pia nimeona ile video yako dhidi ya wale wa Kilosa. Ukifika 18 na kile kiwango halafu ukabaki unazunguka hapo Kihonda, nitakushangaa. Njoo. Njoo na cheti, maana goti halina huruma. Ukisaini, wakakulimbikizia mishahara ya miezi miwili, usivunje mkataba kwa hasira kama wengi ninaowaandikia barua. Wape notisi ya maandishi ya siku 15 kwanza, ndipo uondoke. Usimwamini anayekuambia "kawaida tu". Hata mimi usiniamini sana, nilisaini nisichokielewa nikiwa na akili timamu.

Na usinitumie tena maneno ya "umeula". Nitumie picha za huo mkataba, kurasa zote, hata ile ya nyuma isiyo na kitu. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwenu ni saa mbili usiku. Mama awepo. Hiyo habari ya masufuria nataka aisikie kwangu, si kwako.