Muulize Maalim: Kuchanganya na Kuungana

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Amu na Malindi, na nyingi zinazunguka jambo moja, ati ni nini kimechanganyika tu na ni nini kimeungana kikawa kitu chengine. Basi nimezipanga pamoja.

Shikamoo maalim. Binti yangu kaanza shule ya upili mwaka huu, kila jioni huniuliza elementi ni nini, kampaundi ni nini, mchanganyiko ni nini. Mimi kazi yangu kupika mahamri, ntamjibu nini? (Mama Mahamri, Langoni, Amu)

Marahaba mama. Mwite jikoni hapo hapo, daftari aliwache kwanza. Tia unga na sukari kwenye sinia, ukoroge vikiwa vikavu. Mwambie alambe. Si sukari bado ataionja? Unga bado ni unga, sukari bado ni sukari, zimekaa jirani tu, na kila mpishi ana kipimo chake, wa sukari nyingi na wa sukari kidogo. Hiyo ndo mchanganyiko. Maji ya bahari ni hivo hivo, kilo moja ya maji ina chumvi kama gramu 35, na kule Gongoni na Marereni wanachofanya ni kuyatega mashambani jua liyanyonye, maji yaende zake chumvi ibaki. Hakuna kilichovunjwa.

Sasa mpe punje ya chumvi aitwange kwenye kinu mpaka iwe vumbi. Vumbi lenyewe bado ni chumvi, na angetwanga mpaka asubuhi itakuwa chumvi, manake humo ndani zimo elementi mbili zilizoshikana, sodiamu na klorini. Sodiamu ni metali laini wallahi unaikata kwa kisu, ukiitupa majini inarukaruka na kuwaka. Klorini ni gesi ya kijani-manjano, ile Wajerumani waliyowapulizia adui zao vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, watu wakafa kwa kukosa pumzi. Moja inawaka, nyingine inaua, zikiungana unatia kwenye wali na watoto wanakula! Hiyo ndo kampaundi, na humo hamna cha kipimo cha mpishi, ni sodiamu moja kwa klorini moja, ya Gongoni au ya ng'ambo ni ile ile.

Elementi ni kitu ambacho ukikigawa kwa kemia hukipati kitu chengine ndani yake, na mpaka leo zinajulikana 118. Chembe yake ndogo kabisa inayobaki na jina hilo ndo atomi. Atomi zikishikana kundi, kama haidrojeni mbili na oksijeni moja kwenye maji, kundi hilo ni molekuli. Ila asije akaandika "molekuli ya chumvi" kwenye mtihani, watoto wengi hukosea hapo, chumvi haikai kwa makundi, imejipanga safu kwa safu, sodiamu, klorini, sodiamu, klorini, kila upande. Na akiuliza mbona sodiamu huandikwa Na, ni kwa jina lake la Kilatini, natrium, ndo maana kuna Waswahili wanaoiita natiri.

Alafu ukitia hamira na unga ukaumuka, hapo si kuchanganya tena. Hamira inakula sukari inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, hizo ndizo zile tundu za ndani ya hamri.

Maalim, mimi nachoma chokaa, kazi ya babu yangu. Jiwe la Manda linaingia tanuuni zito linatoka jepesi, alafu ukilimwagia maji linachemka lenyewe na moto hakuna. Kijana wangu asema ni kemia. Huo moto unatoka wapi? (Fundi, Amu)

Fundi, swali lako nimelipenda zaidi ya yote, na niseme ukweli nimefunza kemia miaka mingi kwa kutumia chupa za maabara ilhali tanuu lako lilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka shuleni, sijui nilikuwa nafikiri nini.

Hilo jiwe la Manda ni la matumbawe, na kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likishapata moto mkali, kama digrii 900 hivi, linatoa kaboni dayoksaidi inakwenda na upepo, kinabaki kalsiamu oksaidi. Jiwe safi la kilo 100 likiiva lote, unabakiwa na kilo 56. Zile 44 hazikupotea, ungeweza kuikamata ile hewa ukaipima ungezipata zote, na hilo ndo alilolishikilia Mfaransa Lavoisier karne ya 18, kwamba kwenye mmenyuko uzani wa vilivyoingia ni sawa na uzani wa vilivyotoka. (Mmenyuko ndo huko vitu kuachana na kuungana upya.)

Ukimwaga maji, oksaidi inayadaka inakuwa kalsiamu haidroksaidi. Muungano huu mpya umekaza kuliko ule wa kwanza, na vitu vikijifunga kwa nguvu zaidi nishati inayozidi hutoka, hapa inatoka kama joto. Kuni zako za tanuuni ndizo zilizolitoa jiwe kwenye utulivu wake, sasa linarudi mdogo mdogo na linarudisha sehemu ya ule moto. Utotoni vumbi lake liliniingia jichoni nikipita karibu na shimo la kuzimia chokaa, pale inapomwagiwa maji, nikaoshwa kwa maji ndoo nzima na bado siku tatu sikuona vizuri, manake chokaa ni besi kali, yaani kinyume cha asidi, na inakula ngozi. Kwa hivo funika macho fundi, usinambie umezoea.

Safari haijesha. Ukiipaka ukutani inakauka, alafu kwa miezi na miaka inavuta tena kaboni dayoksaidi hewani, inatoa maji, inakuwa kalsiamu kaboneti. Yaani jiwe. Zile kuta za Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, ni jiwe lililovunjwa, likachomwa, likazimwa, likarudi kuwa jiwe. Na shahamu ya kupaka jahazi chini, chokaa na mafuta ya mnyama, nayo ni mmenyuko: chokaa ikishikana na mafuta inazaa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini. Wazee hawakuwa na jina la kalsiamu lakini kazi waliijua.

Hujambo maalim, nauza sabuni ya mafuta ya nazi hapa Malindi. Nimeandika kwenye karatasi "haina kemikali", mteja mmoja kanicheka. Nimekosa wapi? Na mbona kwa maji ya kisima chetu haitoi povu? (Muuza sabuni, Malindi)

Sijambo dada. Mteja wako hakuwa na adabu lakini alikuwa na haki. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, mafuta ya nazi ndani yake ni kemikali kibao. Na sabuni ya kipande kwa kawaida hupikwa kwa kostiki, ambayo ni sodiamu haidroksaidi. Ila ukiipima sawa inaisha yote ndani ya mmenyuko, unabaki na sabuni na glisarini. Andika "haina rangi wala marashi ya dukani" kama ndo ukweli wenyewe.

Povu ni habari ya fundi hapo juu. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yanatoka na kalsiamu. Sabuni yako ikikutana nayo inageuka ile sabuni isiyoyeyuka, ndo ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Jaribu na maji ya mvua, utaona tofauti.

Jengine, kwa kuwa unauza vitu vya usafi: waambie wateja wasichanganye dawa ya kung'arisha nguo na ile ya asidi ya kusugulia choo. Inatoka klorini, ile ile ya Ypres.

Maalim moli inanitoa jasho. Moli moja ya kaboni gramu 12, moli moja ya chuma gramu 56, sasa itakuwaje zote moli moja na uzani mbali mbali? (Mwanafunzi, Amu)

Mwanangu, wewe ni mtoto wa Amu, boriti huhesabiwaje? Kwa korja. Korja ni 20. Korja ya pau na korja ya boriti zote ni miti 20, lakini jaribu kuzibeba uone kama uzani ni mmoja. Moli ni korja ya atomi, tofauti ni kwamba hii yake ni kubwa mno, kama 602,200,000,000,000,000,000,000. Tangu 2019 hesabu yenyewe imefungwa rasmi, haibadiliki tena. Maji moli moja ni gramu 18, hayafiki vijiko viwili vya supu.

Na mbona tuhangaike kuhesabu? Kwa sababu atomi zinaungana kwa idadi, si kwa uzani, na kuziona hatuzioni. Misumari fundi hununua kwa kilo huku akiitumia mmoja mmoja, si ndio? Basi sodiamu gramu 23 ni moli moja, inataka klorini moli moja, gramu 35.5, hakibaki kitu, na chumvi utakayopata ni gramu 58.5. Mpelekee Mama Mahamri.