Trekta ikishindwa kunyanyua plau, usikimbilie pampu

Wewe unayeanza ufundi, utaletewa Massey Ferguson 135 au 240 iliyochoka, na mwenye nayo atakwambia, "Fundi, pampu imekufa." Msikilize, ila usiifungue bado. Pampu ya trekta hizi imekaa tumboni, imezama kwenye oili. Kuifikia mpaka ung'oe lifti yote ya juu, yaani mtambo wa kunyanyua plau.

Anza na oili. Haidroliki, yaani nguvu ya oili inayonyanyua plau, inatumia oili ile ile ya gia boksi na difu, kwa hiyo sili ya ekseli ikivuja, na lifti inadhoofika. Egesha mahali tambarare, shusha mikono ya lifti, zima injini, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga yote, safisha na chujio la pampu. Ikitoa povu, kuna hewa inayovutwa, mara nyingi kwa sababu oili ni pungufu.

Kisha muulize dereva, maana yeye ndiye anayeshinda nayo shambani. Asubuhi inanyanyua, jua likiwaka inagoma? Oili ya moto ni nyepesi, inapenya palipolika, na hapo pampu unaweza kuishuku. Lakini plau ikishuka yenyewe injini ikiwa imezimwa, usilaumu usukumaji wa pampu, kwa kuwa haizunguki. Tafuta kwenye silinda, ringi za pistoni, mabomba na valvu, ikiwemo valvu ya kuongoza iliyo kwenye pampu yenyewe.

Hili nililipia, au niseme kweli, alilipia mkulima wa mpunga. Katikati ya msimu 240 yake ilikuwa inanyanyua plau nusu tu. Nikasema pampu, akakopa hela, nikafunga mpya. Plau ikaishia nusu vile vile. Ndipo nikapunguza oili, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikamulika tochi huku dereva akivuta wenzo na plau ikiwa imening'inia. Oili ilikuwa inaruka kama uzi mweupe kutoka chini ya bomba la wima linalopeleka oili kwenye silinda. Oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje, ilikuwa imekauka, ngumu kama kipande cha plastiki. Jana yake nilikuwa nimelishika bomba hilo mkononi, nikalirudishia na oringi za zamani. Deni la yule mzee linaniuma mpaka leo.

Ukichungulia namna hiyo, mkono ukae mbali: ndani kuna shafti inazunguka, na oili yenye presha inatoboa ngozi. Wala mtu yeyote asipite chini ya plau iliyonyanyuliwa. Weka magogo kwanza.

Tulipobadilisha oringi, tulinyanyua plau, tukazima injini, nikachora alama ya chaki usawa wa mkono wa lifti. Tukaenda kula. Tuliporudi mkono ulikuwa pale pale kwenye chaki.