Kuunga spika za bluetooth kwenye ampli ya zamani, nilivyofanya mimi

Mkuu umesema ampli yako ni ya zamani haina bluetooth na unataka muziki usikike mpaka barazani bila kutoboa ukuta kupitisha waya. Inawezekana kabisa, mimi natumia hivyo mwaka wa tatu huu, ila nilianza kwa kupoteza hela.

Nilienda Kariakoo nikamwambia muuzaji nataka kidude cha bluetooth cha kuchomeka kwenye ampli, akanipa nikalipa, nimefika home nahangaika nacho jioni nzima, spika hakiioni. Kumbe nimeuziwa cha kupokea, yaani kile cha kutoa muziki kwenye simu kuuingiza kwenye ampli. Wewe unataka cha kutuma. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, angalia maandishi, cha kutuma ni TX, cha kupokea ni RX, na vipo vyenye swichi pembeni vinafanya yote mawili, bora uchukue hivyo.

Sasa geuza ampli nyuma utafute matundu ya rangi mbili, jekundu na jeupe, yameandikwa REC OUT au TAPE OUT. Yalikuwa ya kurekodia kaseti enzi hizo. Chomeka hapo. Utamu wake ni kwamba sauti ya hapo haifuati kitufe cha volumu, kwa hiyo sebuleni unapunguza mpaka sifuri watoto walale na barazani mnaendelea na taarabu yenu. Vile vibanio vya waya za spika kubwa usiviguse, pale kidude kinaungua.

Kuunganisha chenyewe na spika, zima kwanza bluetooth ya simu zote ndani ya nyumba, maana spika ikiwashwa inakimbilia simu inayoijua na wewe utabaki unalaani kidude cha watu bure. Viweke karibu karibu, vyote kwenye hali ya kutafutana, subiri. Spika zikiwa mbili nunua za aina moja zenye TWS, yaani zinazoweza kuungana zenyewe kwa zenyewe bila waya zikalia pamoja, ukichanganya kampuni tofauti mara nyingi hazikubaliani.

Mimi nilipata mngurumo fulani hivi mmmmm hauishi, nikabadilisha waya wapi. Siku moja umeme umekatika na kurudi nikawa nimekichomeka kwenye pawabenki, kimya! Tatizo lilikuwa kukipa umeme kutoka USB ya TV ambayo nayo imeungwa kwenye ampli hiyo hiyo. Na usikifiche nyuma ya ampli, yale mabati yanaziba mawimbi, kiweke juu ya kabati, mbali na ruta ya waifai.

TV ndo usitegemee sana, bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti karibu robo sekunde, mtangazaji anafunga mdomo ndo unasikia neno. Kuna teknolojia ya bluetooth inaitwa aptX Low Latency, inapunguza huko kuchelewa sana ila lazima iwepo kwenye kidude NA kwenye spika, na spika nyingi za bei zetu hazina. Mpira mimi nasikilizia spika za waya, za barazani ni muziki tu.

Tupia picha ya nyuma ya ampli tuone. Kama haina REC OUT tutajaribu tundu la hedifoni, japo hapo spika za sebuleni huwa zinakata.