Maswali yenu kwa Shangazi: kitabu cha picha kitamfunza mwanangu tabia njema?

Toleo lililopita niligusia tu vitabu vya picha vya watoto, vile vya kufunza mambo ya maisha, ukweli, kugawana, kujilinda na kadhalika, nikasema sio kila kitabu chenye funzo kinafunza. Basi meseji zikamiminika. Nimechagua chache ambazo naona zinawagusa wengi, nyingine zinafanana sana kwa hiyo ukisoma jibu la mwenzio jua na wewe umo.

*

Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka minne na nusu, uongo umemzidi. Akivunja kikombe anasema paka, akimaliza sukari anasema dada. Nikanunua kitabu cha picha cha mtoto muongo ambaye mwisho wake analiwa na fisi, namsomea karibu kila usiku. Uongo uko palepale na sasa hivi hataki hata kwenda chooni peke yake usiku. Nifanyeje? Mama, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza pumua, mtoto wa umri huo kudanganya sio dalili kwamba atakuwa mwizi, watoto wanaanza kujaribu uongo kwenye miaka mitatu hivi pale wanapogundua kwamba mama hajui kila kitu wanachokijua wao, ni akili inakua. Kazi yako ni kuielekeza hiyo akili, na hapo ndipo kitabu chako kimekuangusha, manake kinachomwingia pale ni fisi tu, ukweli haupo.

Kuna utafiti ulitoka 2014 wa Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake, kila mzazi angepaswa kuusikia. Walichukua watoto wa miaka 3 mpaka 7, mtoto anakaa, kitu cha kuchezea kinawekwa nyuma yake, anaambiwa usigeuke kuchungulia, mtu mzima anatoka kidogo. Wengi wao wakachungulia, na nani asingechungulia. Kabla ya kuulizwa wakasomewa stori. Kuna waliosomewa ya Pinocchio ambaye pua inarefuka akidanganya, kuna waliosomewa ya yule mvulana aliyekuwa anapiga kelele za uongo kwamba mbwamwitu kaja mpaka siku mbwamwitu kaja kweli, kuna waliosomewa ya George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani, kwamba alipokuwa mtoto alikata mti wa baba yake halafu akakiri na baba akafurahi kwamba kasema kweli, na kuna waliosomewa ya sungura na kobe kwenye mbio ambayo haihusu uongo kabisa. Sasa sikiliza. Zile stori za kutisha, za pua na mbwamwitu, hazikuwasogeza watoto hata kidogo kuliko ile ya sungura na kobe. Iliyowafanya wengi wakiri ni ile ya mtoto aliyesema kweli akapokelewa vizuri. Na watafiti wakaibadilisha hiyo hiyo, wakaifanya yule mtoto asiseme kweli na mwisho wake uwe mbaya, ile nguvu yote ikapotea.

Kwa hiyo mama, tafuta kitabu ambacho mtoto kavunja kitu, picha inamuonyesha roho inavyomdunda, anaenda anasema, na mama anamkumbatia. Hiyo picha ya kukumbatiwa ndio funzo lenyewe, kaa hapo muitazame. Halafu nyumbani ifanane na kitabu, siku akikwambia "mama nimevunja mimi" neno la kwanza likutoke ni asante kwa kuniambia, kisha mchukue fagio mfagie wote. Manake ukimsomea kitabu cha kukiri usiku halafu asubuhi akikiri anakula fimbo, atakuamini fimbo.

Na yule fisi mtoe hofu, mwambie kuna mtu alikaa na rangi akamchora, mpe karatasi amchore na yeye anavyotaka, hata amvalishe gauni. Kitabu chenyewe kiweke mbali mpaka akue.

*

Shangazi mimi ni mwalimu wa chekechea. Vitabu vyangu karibu vyote ni vya wanyama, na Sungura ndio staa, anaiba, anamdanganya Fisi, anamchezea Simba, watoto wanashangilia. Je sio kwamba tunawafunza utapeli? Na kila kitabu mwisho kina "hadithi hii inatufunza kwamba..." wanaikariri kwa sauti moja halafu wakitoka nje wananyang'anyana mpira. Mwalimu, Tanga

Mwalimu wangu, swali lako lina mambo mawili na yote nayapenda.

Sungura kwanza. Mimi namtetea, na namtetea kwa moyo wote. Sungura ni mdogo katikati ya wakubwa wenye meno, hana kitu ila akili, na mtoto anajiona pale kwa sababu na yeye ndiye mdogo nyumbani. Na wazee wetu walikuwa wameliweka sawa toka mlangoni, unasema hadithi hadithi, wanajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, kila mtu anajua sasa tunaingia kwenye mchezo. Na hata Sungura mwenyewe hapiti kila mara, kuna ile wanyama wamechimba kisima yeye kagoma kuchimba halafu anakuja kuiba maji, na wote wakubwa wanashindwa kumkamata, anayemnasa ni Kobe. Soma na hiyo. Kisha waulize watoto, Fisi alijisikiaje? Ungekuwa wewe Fisi? Hapo utaona darasa linagawanyika, na mabishano ya watoto wa miaka mitano juu ya haki yana thamani kuliko somo zima la maadili ubaoni.

Ila kama unataka jambo moja mahsusi, mfano hilo la kugawana mpira, basi tumia kitabu chenye watoto, watu, sio wanyama. Huko huko Toronto mwaka 2017 walijaribu, watoto wa miaka 4 hadi 6 wakapewa stika, wakaambiwa wanaweza kumgawia mtoto mwingine ambaye hakupata, halafu wakasomewa kitabu cha kugawana. Kundi moja lilisoma kitabu chenye wanyama waliovaa nguo na kuongea, kundi lingine stori ile ile ila wahusika ni watoto. Waliosoma chenye watoto wakagawa zaidi kuliko mwanzo, wa wanyama hapana. Halafu kuna kitu kidogo hapo, kati ya waliosoma ya wanyama, wale walioona kwamba mnyama anafikiri na kuhisi kama mtu ndio waliogawa zaidi. Yaani mtoto akishindwa kuvuka kutoka kwa mnyama kuja kwake, funzo linabaki porini. Ni usomaji wa mara moja tu ule, sikwambii utupe vitabu vya wanyama, nakwambia wewe ndio daraja.

La pili, ile sentensi ya mwisho. Ifunike na karatasi mwalimu, bandika kabisa na gundi. Watafiti wawili, Caren Walker na Tania Lombrozo, walichapisha mwaka 2017 majaribio yao na watoto wa miaka 5 na 6, wakaona mtoto akiombwa aeleze yeye kwa nini jambo fulani limetokea kwenye stori anaishika maana na anaweza kuipeleka kwenye hali nyingine, na mara nyingine inazidi hata kumwambia funzo moja kwa moja. Umri huo mtoto akiachiwa tu anashika vya juu, kwamba kulikuwa na kofia nyekundu na mbuzi kaanguka. Kwa hiyo unasimama katikati ya ukurasa, unauliza kwa nini Asha (au nani aliyemo humo) ameficha mpira? Kwa nini rafiki yake ameondoka? Usiwasaidie haraka, nyamaza, wacha kimya kiwe kirefu, atatokea mmoja wa pale nyuma ambaye haongei kamwe. Akijibu kitu cha ajabu usicheke wala usimkosoe, muulize umeona wapi kwenye picha. Na najua darasa lako ni kubwa na kitabu ni kimoja, ndio maana usijilazimishe kumaliza kitabu siku moja, picha mbili zikijadiliwa vizuri zinatosha siku hiyo, kesho wanaanza wao kukukumbusha mliishia wapi.

*

Habari Shangazi. Mke wangu ameleta kitabu cha picha kinachoeleza sehemu za siri na mguso mbaya. Binti yetu ana miaka mitano. Mimi nimekiweka juu ya kabati, naona ni mapema sana kumfungua macho. Naomba ushauri. Baba, Nakuru

Kaka, kishushe leo. Nakuelewa, hakuna baba anayetaka kukaa na binti yake mdogo kuongea hayo, lakini anayemdhuru mtoto haangalii kama miaka mitano ni mapema. Na mara nyingi anayemdhuru ni mtu anayemjua, wa ndani au wa karibu na nyumba, na ndio maana mimi sivipendi vile vitabu vinavyochora mgeni mmoja na pipi nyuma ya mti halafu basi, vinamwachia mtoto mlango wazi upande ambao hatari iko.

Kabla hujamsomea kipitie mwenyewe. Kiwe kinataja sehemu za mwili kwa majina yanayoeleweka, sio mafumbo, manake mtoto asiye na jina la kitu hawezi kushtaki. Kiwe na mtoto anayekataa kukumbatiwa hata na mjomba na hakuna anayemgombeza. Kiwe kinamtofautishia siri ya kufurahisha, mfano zawadi ya mama ambayo itafunuliwa kesho, na ile siri ambayo mtu mzima anamwambia usimwambie mtu yeyote kamwe. Na cha muhimu kuliko yote, mtoto wa kwenye kitabu akisema, yule mkubwa anayemwambia AMWAMINI, na amwambie sio kosa lako. Kama ukurasa huo haumo tafuta kingine.

Na msimwachie mama peke yake, ukikisoma wewe baba binti anajifunza kwamba hata wewe anaweza kukuletea neno kama hilo. Soma kawaida tu, mchana, kama unavyosoma kingine, usifanye uso wa msiba. Kama mna mvulana na yeye akae hapo hapo. Na wote mjue namba 116, ni ya msaada kwa watoto, bure, iko Kenya na Tanzania pia iko.

*

Mimi ni bibi, nimemwambia mjukuu mkubwa aniandikie. Nalea kitukuu wa miaka mitatu. Mama yake analeta vitabu vizuri vya picha lakini kusoma mimi sikusoma sana na macho nayo yamechoka, nampa tu aangalie. Mama yake analalamika. Bibi, Kondoa

Shikamoo bibi. Mwambie mama yake Shangazi amesema wewe ndiye mwalimu anayefaa. Kitabu cha picha kinasomwa kwa picha bibi, maneno ni machache. Mkalishe karibu, fungua, muulize huyu nani? Anafanya nini? Unadhani anaenda wapi? Akisema mbuzi, wewe ongeza, eeh mbuzi mweusi amekimbia mvua. Mtafiti Grover Whitehurst na wenzake kule New York mwaka 1988 waliwafundisha wazazi kufanya hivyo hivyo na watoto wa umri wa miaka miwili hivi, wamuulize mtoto badala ya kumsomea tu moja kwa moja, na kwa mwezi mmoja watoto hao walikuwa wameshawapita wenzao kwa kuongea.

Na wewe una kitu ambacho kitabu hakina. Ukiona picha ya kisima mwambie cha kwenu kilikuwaje, nani alikuwa anagombana pale na walipatanaje. Stori ikitofautiana na maandishi hakuna kesi. Siku mama yake akija amsomee maneno, mtoto awe na matoleo mawili, naye achague.

*

Shangazi vitabu vizuri ni ghali jamani, na vya Kiswahili vyenye picha za rangi havionekani huku kwetu. Tunavipata wapi? Mama, Morogoro

Ni kweli, na inaniuma, manake picha za rangi zinapandisha gharama ya uchapaji halafu wanunuzi wachache, mchapishaji anaogopa. Vya kwetu vipo lakini, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 na umetoa vingi vya Kiswahili, na wachapishaji Mkuki na Nyota nao wanavyo, ulizia dukani kwa jina la mchapishaji sio kusema tu "nataka kitabu cha mtoto" utapewa cha kujifunza kuandika a e i o u. Maktaba ya mkoa pitia pia, uliza kona ya watoto na utaratibu wa kuazima.

Kama una simu na bando kidogo ingia kwenye tovuti za African Storybook au StoryWeaver, kote vipo vya Kiswahili vyenye picha, bure, na leseni yake inaruhusu kuvishusha na kuviprinti. Nenda steshenari wakutolee, hata nyeusi na nyeupe, mtoto atapaka rangi mwenyewe, stepla katikati, kitabu hicho. Akina mama wanne mkichangia kila mmoja akaprinti vyake viwili, mkabadilishana, mna vinane. Ila kabla ya kuprinti kisome chote wewe kwanza mpaka ukurasa wa mwisho, manake kule kuna tafsiri nzuri sana na kuna nyingine Kiswahili chake kinachechemea, hizo ziruke, na angalia pia mtoto anayekosea humo ndani anafanywaje, kama ni kupigwa na kuchekwa tu basi tafuta kingine, vipo vingi.