Betri ya king'ora cha moshi haitolewi

SWALI: Nimepanga nyumba ya ghorofa moja hapa Leicester. King'ora cha moshi cha kwenye korido kinalia kila nikikaanga kitu, na siku hizi hata usiku kinatoa mlio mfupi, kinanyamaza, kisha kinarudia. Jirani ananishauri nitoe betri. Mwenye nyumba anasema betri ni juu yangu. Nani anawajibika? – Mpangaji, Leicester

JIBU: Dada, huo mlio wa usiku hauhusiani na mapishi yako. Betri inakwisha, au kifaa chenyewe kimefika mwisho. Angalia tarehe nyuma yake; vingi ni vya miaka 10.

Kanuni za England za 2015, zilizoongezewa nguvu tangu Oktoba 1, 2022, zinamtaka mwenye nyumba aweke king'ora kwenye kila ghorofa yenye chumba cha kuishi, na ahakikishe kinafanya kazi siku upangaji mpya unapoanza. Akiarifiwa kuwa ni kibovu, lazima akitengeneze au akibadilishe. Katikati ya upangaji, mwongozo wa serikali unamshauri mpangaji abadilishe betri mwenyewe, kwa hiyo hapo mwenye nyumba wako hajakosea. Ila ukiweka mpya na kisipone, au betri ikiwa ni ya kujengewa ndani, kazi ni yake. Mwandikie ujumbe, usipige simu tu. Akikupuuza, nenda halmashauri: itampa notisi ya siku 28, na akikaidi faini inaweza kufika pauni 5,000.

Sasa huyo jirani. Ushauri wake nausikia kila mara na unanikera. Eti kinacholia ukikaanga ni kibovu! Kinafanya kazi, ila kiko karibu mno na jiko, au ni cha aina inayoshtuliwa upesi na mvuke wa mafuta. Omba kisogezwe au kiwekwe cha kutambua moshi kwa mwanga, na jikoni penyewe kiwekwe cha kupima joto. Wako wanaofundisha mitandaoni kukivika mfuko wa plastiki au kukiziba kwa plasta, tena kwa kujiamini kabisa. Hao wanacheza na maisha ya watu waliolala. Harufu ya moshi haitegemewi kukuamsha. Gesi zake humlevya mtu akazidi kuzama usingizini.

Wengine wana ving'ora vya moshi vinavyofanya kazi vizuri kabisa, na bado wanajidanganya kwamba vitawaambia hata gesi ya sumu ya mkaa. Haviwezi. Gesi hiyo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ina king'ora chake. Sheria inamtaka mwenye nyumba akiweke kwenye chumba chenye kifaa kisichohamishika cha kuchoma mafuta, gesi au kuni, kama boila ya kupasha maji. Jiko la gesi la kupikia halimo. Jiko la mkaa unaloliingiza ndani msimu wa baridi, ili kuchoma nyama au kuota moto, hakuna mwenye nyumba atakayekuwekea king'ora kwa ajili yake. Libaki nje, hata makaa yakionekana yamezimika, kwa sababu yanaendelea kutoa gesi hiyo.